Samaki pundamilia, panya au seli za binadamu: ulinganisho kwa anayetaka kuchunguza umeme wa moyo

Moyo wa samaki pundamilia una vyumba viwili tu, atiria inayopokea damu na ventrikali inayoisukuma. Moyo wa panya una vyumba vinne, kama wa binadamu. Mtu anayetazama michoro ya mioyo hiyo miwili katika kitabu cha anatomia atasema mara moja kwamba panya ndiye anayefanana nasi. Lakini akiingiza elektrodi nyembamba ndani ya seli ya ventrikali ya kila mmoja na kusoma wimbi la umeme linalopita, hukumu yake itayumba, kwa sababu wimbi la samaki ndilo lenye umbo linalokaribia la kwetu, na la panya huwa limekwisha kitambo wakati la binadamu lingali juu.

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Wanauliza ni mnyama gani anayefanana na binadamu, ilhali swali lenye manufaa zaidi ni hili: jambo ninalolichunguza limejengwa juu ya mkondo gani wa umeme, na linatokea ndani ya seli moja au katika moyo mzima? Ulinganisho huu unahusu njia tatu zinazotumika sana: samaki pundamilia, yaani Danio rerio, mwenyeji wa maji yasiyo ya chumvi ya Asia ya Kusini, panya mdogo wa maabara, na seli za moyo wa binadamu zinazooteshwa kutokana na seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingi. Sungura, simbilisi, mbwa na nguruwe nimewaweka kando. Si kwamba hawafai, kwani umeme wa moyo wa sungura unakaribia sana wa binadamu, bali gharama na matunzo yao huwafanya kuwa hatua ya baadaye kuliko mwanzo wa utafiti.

Vigezo

Nitatumia vigezo vitano kwa kila njia. Cha kwanza ni umbo la wimbi la umeme na mikondo inayolijenga. Cha pili ni njia ambayo umeme hupita katika moyo mzima. Cha tatu ni urahisi wa kuuona na kuupima umeme huo. Cha nne ni uwezo wa kubadilisha jeni, na cha tano ni muda, gharama na masharti ya kimaadili. Vigezo hivi havina uzito sawa. Cha kwanza nitakikalia zaidi, kwa kuwa mtu akikosea hapo hata vipimo vizuri vya baadaye havitamsaidia.

Umbo la wimbi na mikondo inayolijenga

Katika ventrikali ya binadamu, ayoni za sodiamu huingia ghafla na kulipandisha wimbi. Kisha kalsiamu inayoingia hushindana na potasiamu inayotoka, na wimbi hukaa juu kama uwanda wa mlima, hadi potasiamu inaposhinda na seli kurudi katika utulivu. Yote hayo huchukua takriban milisekunde 300. Mmoja wa mikondo mikuu ya potasiamu inayolishusha wimbi huitwa IKr, na mlango wake, yaani tundu la protini kwenye utando wa seli linalopitisha ayoni hizo, hutokana na jeni ya KCNH2, ambayo wengi huiita hERG. Mlango huu una udhaifu mmoja mkubwa, nao ni kuzibwa kwa urahisi na dawa za aina nyingi zisizohusiana kabisa. Ukizibwa, kipindi cha QT kwenye ECG (mchoro wa umeme wa moyo), yaani muda wa ventrikali kuwashwa hadi kurudi katika utulivu, hurefuka, na mgonjwa anaweza kupatwa na mapigo ya kasi yaliyovurugika ambayo huweza kuua. Terfenadini, dawa ya mzio, na sisapridi, dawa ya kiungulia, ziliondolewa katika soko la Marekani kwa sababu hiyo, ya kwanza mwishoni mwa miaka ya 1990 na ya pili mwaka 2000. Kwetu Afrika Mashariki, ambako dawa za malaria hutumika kila siku, suala hili liko karibu zaidi: halofantrini iliyokuwa ikitibu malaria, na kwinidini iliyo ndugu wa karibu wa kwinini, zote mbili hurefusha kipindi cha QT.

Samaki pundamilia anafaa hasa katika suala hili. Wimbi la ventrikali yake lina uwanda, na kushuka kwake kunategemea sana mkondo wa IKr. Moyo wa kiinitete chake hupiga takriban mara 120 hadi 180 kwa dakika, kasi isiyo mbali sana na ya kijusi cha binadamu. Mwaka 2003 watafiti waliweka kemikali 100 katika maji ya viinitete vya samaki hawa na kuhesabu mapigo. Kati ya dawa 23 zilizokwisha kujulikana kuvuruga kushuka kwa wimbi kwa binadamu, 18 zilipunguza kasi ya moyo wa samaki katika jaribio la kwanza, na kati ya tano zilizokosekana, nne zilionekana kushindwa kwa sababu tu hazikufyonzwa vizuri kutoka kwenye maji. Dalili yenyewe haihitaji kifaa cha ajabu. Ventrikali ambayo haijamaliza kurudi katika utulivu haiwezi kuupokea umeme unaofuata, hivyo atiria hupiga mara mbili na ventrikali mara moja, na mtu huliona jambo hilo kwa macho yake chini ya hadubini. Samaki waliozaliwa na kasoro katika mlango huu, ukoo uitwao breakdance, huonyesha dalili hiyo hiyo bila kupewa dawa yoyote, na ukoo mwingine uitwao reggae una kasoro ya upande wa pili, inayofupisha wimbi.

Hata hivyo kufanana si kuwa sawasawa. Jeni inayofanya kazi hii katika moyo wa samaki ni kcnh6a, ambayo si mlingano wa moja kwa moja wa KCNH2 ya binadamu ingawa mlango unaotokana nayo una tabia zinazokaribiana. Ventrikali ya samaki mzima pia ina mkondo mkubwa wa kalsiamu wa aina ya T, ambao katika ventrikali ya binadamu mzima hauna nafasi ya maana. Tena sehemu kubwa ya kalsiamu inayokaza misuli ya moyo wa samaki huingia kutoka nje ya seli, wakati binadamu hutegemea zaidi hifadhi iliyo ndani ya seli.

Panya yuko upande mwingine kabisa. Moyo unaopiga mara 500 hadi 700 kwa dakika hauna nafasi ya uwanda, na wimbi lake hushushwa upesi na mikondo mingine ya potasiamu inayofunguka haraka. IKr ina mchango mdogo sana katika panya mzima, kwa hiyo dawa iliyomuua mgonjwa inaweza kupita katika moyo wa panya bila kuacha alama. Lakini ni dhuluma kumhukumu panya kwa kigezo hiki kimoja. Magonjwa yanayotokana na kuvuja kwa kalsiamu kutoka kwenye hifadhi ya ndani ya seli, yale yanayomwangusha kijana anapokimbia au kushtuka, yamechunguzwa kwa mafanikio katika panya, kwa kuwa moyo wake huitegemea hifadhi hiyo kwa kiwango kikubwa. Vivyo hivyo kasoro za sodiamu: panya aliyepoteza nakala moja ya jeni ya Scn5a huonyesha umeme unaosafiri polepole, kama inavyotokea kwa wagonjwa.

Seli za binadamu zina sifa ambayo mnyama hawezi kuwa nayo, kwamba mlango wa hERG ulio ndani yake ndio ule ule ulio ndani ya mgonjwa. Shinya Yamanaka alionyesha mwaka 2006 kwa seli za panya, na mwaka 2007 kwa za binadamu, kwamba seli za kawaida za mtu mzima zinaweza kurudishwa katika hali ya seli shina, na kutoka hapo zinaweza kuongozwa hadi ziwe seli za moyo. Tatizo ni kwamba zinabaki changa. Mkondo wa potasiamu unaoituliza seli kati ya mapigo ni hafifu ndani yake, utulivu wake si wa kina kama wa ventrikali ya mtu mzima, na hupiga zenyewe bila kuamrishwa, jambo ambalo seli ya ventrikali iliyokomaa haifanyi. Isitoshe, sahani moja ya maabara huwa na mchanganyiko wa seli zenye tabia ya ventrikali, za atiria na za kianzisha mapigo. Mtafiti asiyezitenganisha anaweza kupata wastani usioeleza seli yoyote.

Njia ya umeme katika moyo mzima

Hapa panya anaongoza bila ubishi mkubwa. Ana kianzisha mapigo, kituo cha kuchelewesha umeme kati ya atiria na ventrikali, fungu la His na nyuzi za Purkinje zinazousambaza umeme upesi ndani ya ventrikali, yote yakiwa yamepangwa kama kwa binadamu. Samaki ana mkanda wa seli zinazoanzisha mapigo mahali damu inapoingilia atiria, na umeme hucheleweshwa katika mfereji ulio kati ya vyumba viwili, lakini hana fungu la His wala nyuzi za Purkinje. Kazi ya kuueneza umeme haraka ndani ya ventrikali hufanywa na vijiti vya misuli vilivyomo ndani yake. Anayechunguza jinsi ucheleweshaji huo unavyojengeka katika siku za kwanza za uhai atamfurahia samaki. Anayechunguza kuziba kwa tawi moja la fungu la His hana cha kutafuta huko.

Samaki na panya wana kasoro moja ya pamoja ambayo mara nyingi haitajwi: mioyo yao ni midogo. Mtetemo wa ventrikali unaoua binadamu huhitaji nafasi ya kutosha ili umeme uzunguke bila kukutana na mkia wake, na katika moyo mdogo mzunguko huo huzimika wenyewe kwa urahisi zaidi. Seli za sahani hazina vyumba kabisa, ingawa zikioteshwa kama utando mmoja umeme husafiri kutoka seli hadi seli na mizunguko inaweza kutazamwa.

Kuuona na kuupima umeme

Kiinitete cha samaki pundamilia ni angavu, na moyo wake huanza kupiga takriban saa 24 baada ya yai kurutubishwa. Kwa kamera iliyofungwa kwenye hadubini mtu hupata kasi ya mapigo, mpangilio wake na uwiano wa atiria na ventrikali bila kumkata mnyama. Lililo kubwa zaidi ni kwamba kifaranga hupata oksijeni kwa kuifyonza moja kwa moja kutoka kwenye maji, kwa hiyo huishi siku kadhaa hata kama moyo hausukumi damu. Ndiyo sababu ukoo uitwao island beat, ambao ventrikali yake iko kimya na atiria yake inatetemeka kwa sababu ya kasoro katika mlango wa kalsiamu, uliweza kugunduliwa na kuelezwa. Panya mwenye hitilafu nzito kama hiyo hufia tumboni mwa mama yake kabla mtafiti hajamwona. Kwa rangi zinazobadilika mwanga kufuatana na volti, au kwa protini zinazong'aa kalsiamu inapopanda, mawimbi huchorwa moyo mzima kwa wakati mmoja. Mwaka 2010 watafiti walitumia mwanga kuwasha na kuzima seli za moyo wa samaki aliye hai, wakaonyesha ni kundi gani dogo linaloanzisha mapigo.

Yapo mambo mawili ya kuangalia. Dawa ya usingizi inayotumika sana kwa samaki, trikaini, hufanya kazi kwa kuziba milango ya sodiamu, milango ile ile inayopandisha wimbi la moyo, kwa hiyo kipimo chake lazima kiwe sawa katika makundi yote na kiandikwe. La pili ni joto la maji. Moyo wa samaki hufuata joto, na tofauti ya nyuzi chache tu kati ya meza mbili inaweza kuleta tofauti ya mapigo ambayo mtu ataidhani ni kazi ya dawa. Samaki mzima naye si angavu tena. ECG yake hupimwa kwa sindano ndogo kifuani akiwa amelazwa usingizi, na alama za kawaida za mchoro huo (P, QRS na T) huonekana, ila kazi hiyo inataka mkono uliozoea.

Panya anapimika kwa njia nyingi zilizokomaa. Kipimaji kidogo hupandikizwa chini ya ngozi na kutuma ECG kwa siku na wiki huku mnyama akila, akilala na kukimbia, jambo lisilowezekana kwa kifaranga cha samaki. Moyo wake pia huweza kutolewa na kulishwa maji yenye chumvi na oksijeni kupitia mshipa mkuu, mbinu iliyoanzishwa na Oscar Langendorff mwaka 1895. Seli za sahani, kwa upande wao, ndizo rahisi zaidi kuzipima moja moja kwa elektrodi ya kioo, mbinu iliyowapa Erwin Neher na Bert Sakmann Tuzo ya Nobel mwaka 1991. Zikioteshwa juu ya bamba lenye elektrodi nyingi, mamia ya majaribio huendeshwa kwa pamoja.

Kubadilisha jeni

Samaki pundamilia aliingizwa katika utafiti wa jenetiki na George Streisinger wa Chuo Kikuu cha Oregon, na mwaka 1996 maabara za Tübingen na Boston zilichapisha mamia ya koo zenye kasoro, baadhi yake zikiwa za moyo. Jenomu yake, yaani jumla ya urithi wake, ilipochapishwa mwaka 2013 ilionekana kwamba takriban asilimia 70 ya jeni za binadamu zina angalau jeni moja inayolingana nazo kwa samaki huyu. Kwa CRISPR, mbinu ya kukata jeni mahali palipochaguliwa, jeni huweza kukatwa katika yai la seli moja na matokeo kutazamwa siku tatu baadaye. Lakini mababu wa samaki hawa walirudufisha jenomu yao yote, hivyo jeni moja ya binadamu mara nyingi ina mbili kwa samaki, na ukiiharibu moja ya pili inaweza kuifunika. Tena majaribio ya zamani yaliyotegemea mofolino, molekuli zinazozima jeni kwa muda, hayana budi kusomwa kwa tahadhari, kwani tangu mwaka 2015 imeonyeshwa wazi kwamba dalili zake mara nyingi hazionekani kwa samaki ambao jeni yenyewe imeharibiwa.

Kwa panya, ufundi wa kuondoa jeni katika tishu moja tu, na kwa wakati uliochaguliwa, umekomaa kuliko kwa samaki. Kwa seli za binadamu faida ni ya aina nyingine: seli hutoka kwa mgonjwa mwenyewe zikiwa na urithi wake wote, kisha kosa moja la jeni husahihishwa na seli zilizosahihishwa zikalinganishwa na za awali. Wagonjwa wa QT ndefu walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuchunguzwa kwa njia ya seli zao wenyewe, mwaka 2010 na 2011.

Muda, gharama na maadili

Husemwa mara kwa mara kwamba samaki huzaliana haraka kuliko panya, na kauli hiyo inapotosha kidogo. Samaki pundamilia huhitaji takriban miezi mitatu kukomaa, muda usiotofautiana sana na wa kizazi kimoja cha panya. Faida yake iko katika wingi, kwa kuwa jozi moja hutaga mayai mia moja na zaidi kwa mara moja, na katika ukweli kwamba jibu hupatikana kwa kiinitete cha siku mbili au tatu. Matangi yake yanahitaji maji safi ya takriban nyuzi 28.5 za selsiasi, joto ambalo maabara ya Mombasa au Dar es Salaam haihangaiki sana kulifikia, ingawa kulidumisha bila kupanda na kushuka ni kazi nyingine. Seli za binadamu ndizo ghali zaidi kati ya njia hizi tatu kwa maabara ndogo: zinahitaji vikuzio vinavyoagizwa na kusafirishwa katika baridi, sanduku la joto lenye gesi ya kaboni dayoksaidi, na umeme usiokatika. Huanza kupiga baada ya wiki moja hadi mbili, lakini mara nyingi husubiriwa mwezi mzima ili zikomae kidogo.

Kwa upande wa maadili, sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2010 haiwahesabu vifaranga vya samaki ambao bado hawajaanza kujilisha, yaani hadi takriban siku ya tano, kuwa wanyama wa majaribio wanaolindwa nayo. Panya wanalindwa katika umri wote baada ya kuzaliwa. Seli hazina suala hilo, ila zinahitaji ridhaa ya aliyezitoa, na ridhaa hiyo iandikwe kwa lugha anayoielewa.

Kulingana na hali yako

Ikiwa una dawa au dondoo nyingi za mimea na unataka kujua zipi zina hatari kwa mapigo ya moyo, anza na viinitete vya samaki, kisha zile zilizotiliwa shaka zipelekwe kwenye seli za binadamu. Matokeo yasiyoonyesha madhara kwa samaki yasichukuliwe kuwa cheti cha usalama hadi uhakikishe kwamba dawa imeingia mwilini. Zisizofyonzwa huweza kudungwa moja kwa moja kwenye kiinitete.

Ikiwa mbele yako kuna familia yenye QT ndefu na badiliko la jeni ambalo halijulikani kama lina madhara, seli za mgonjwa zitakupa jibu la karibu zaidi naye, kwa gharama kubwa na kwa miezi kadhaa. Samaki atakupa jibu la haraka zaidi kuhusu athari ya badiliko hilo katika moyo unaopiga, mradi ujaribu mlango wa binadamu ndani ya samaki aliyepoteza wa kwake, badala ya kudhani kwamba milango hiyo miwili ni kitu kimoja.

Ikiwa swali lako linahusu mishipa ya fahamu inayoharakisha moyo, mazoezi, uzee, moyo uliopanuka, au fungu la His, panya ndiye atakayekufaa, na hakuna haja ya kumlazimisha samaki kujibu asilolijua. Ila ikiwa swali hilo hilo linagusa kushuka kwa wimbi katika mnyama mzima, fikiria kutafuta ushirikiano na maabara yenye sungura.

Ikiwa unachunguza jinsi pigo la kwanza linavyoanza na jinsi vyumba vinavyojifunza kupokezana zamu, samaki hana mpinzani wa karibu kati ya hawa watatu.

Na ikiwa wewe ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili mwenye mwaka mmoja, hadubini moja, kamera na bajeti nyembamba, kuhesabu mapigo ya viinitete vya siku ya tatu ni kazi inayoweza kukamilika na kuchapishika. Nunua kipimajoto kizuri kabla ya kununua rangi za bei, kiweke ndani ya maji ya kila sahani na si ukutani, waache viinitete watulie chini ya taa ya hadubini kabla ya kurekodi, na mwombe mwenzako asiyejua sahani ipi ina dawa ndiye ahesabu.